Mzigo Utapita? Vikwazo vya Kiuchumi Ukivitazama Kutoka Mwanza

Februari 2025, redio zilipotangaza kwamba Marekani imemwekea vikwazo James Kabarebe, Waziri wa Nchi wa Rwanda anayeshughulikia ushirikiano wa kikanda, mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, alikuwa na swali moja tu: mzigo utapita? Dagaa wa Mwaloni hawaishii Mwanza. Magunia hupakiwa kwenye malori kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na vikwazo vikitajwa pamoja na jina la nchi jirani, mwenye mzigo anaona tayari lori lake limezuiwa mpakani Rusumo.

Jibu ni kwamba utapita. Vikwazo vile havikuwekwa kwa Rwanda kama nchi. Vilimhusu Kabarebe mwenyewe, Lawrence Kanyuka ambaye ni msemaji wa M23, kundi la waasi wa mashariki mwa Kongo, na kampuni mbili za Kanyuka zilizosajiliwa Uingereza na Ufaransa. Kilichovuruga biashara ya Goma wakati huo ni vita: mji uliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, benki zikafunga milango, na mteja mwenye nia ya kulipa akakosa pa kupitishia hela.

Hata hivyo, swali la mtu wa Mwaloni linafika mbali kuliko maelezo mengi ya wachambuzi wa televisheni. Serikali inaweza kutangaza vikwazo inavyotaka. Vitauma tu pale ambapo aliyevitangaza ndiye anayeshika njia ambayo mwenzake hana budi kuipita, tena hana njia nyingine. Njia hiyo yaweza kuwa barabara, bandari, soko, bima ya meli au akaunti ya benki. Ukitaka kuelewa habari yoyote ya vikwazo, anza kwa kuuliza njia ni ya nani.

Tuanze na ile isiyoonekana. Mnunuzi wa mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara aliyeko Asia akimlipa mtu wa Mwanza kwa dola, fedha hazitoki kule moja kwa moja hadi hapa. Malipo mengi ya dola kati ya benki mbili za nje ya Marekani hupitia benki iliyoko Marekani kwenyewe, kwa kawaida New York, ambako benki za nchi nyingine hufungua akaunti zao. Benki ile inatii sheria za Washington. Na Washington, ndani ya Hazina, iko ofisi iitwayo OFAC inayotunza orodha ya watu, kampuni, meli na hata ndege. Jina likiingia humo, mali yoyote ya mhusika iliyo chini ya mamlaka ya Marekani inazuiwa, na raia au kampuni ya Marekani haruhusiwi kufanya naye biashara. Sheria inayotumika zaidi ni ya 1977: rais anatangaza hali ya hatari kuhusu jambo fulani la nje, anasaini amri, basi. Hahitaji kusubiri kura ya Bunge.

Nguvu ya orodha hiyo haitokani na mali alizonazo mtu Marekani, maana wengi wao hawana hata kiwanja kule. Inatokana na hofu ya benki. Mwaka 2014 benki ya Ufaransa BNP Paribas ilikubali kulipa karibu dola bilioni 9 kwa sababu ilipitisha miamala ya Sudan, Iran na Cuba. Benki ya Kifaransa, wateja wasio Wamarekani, ila dola zilikuwa zimekanyaga New York. Baada ya hapo mkuu wa kitengo cha uzingatiaji sheria katika benki yoyote kubwa hangoji kuambiwa mara mbili. Akiona jina linalofanana, nchi inayotiliwa shaka au mzigo usioeleweka, anakataa. Kukataa hakumgharimu kitu.

Tanzania tulilionja hilo kupitia FBME. Hii ilikuwa benki iliyosajiliwa kwetu, lakini biashara yake kubwa ilikuwa Saiprasi. Julai 2014 idara nyingine ya Hazina ya Marekani ikaitangaza kuwa tishio la utakatishaji fedha. Kisheria hilo si sawa na kuwekwa kwenye orodha ya OFAC, lakini mlango uliofungwa ulikuwa uleule wa dola. Benki Kuu ya Tanzania ikachukua usimamizi, na Mei 2017 ikafuta leseni. Mtanzania mwenye akiba yake ya kawaida, asiyejua hata Saiprasi iko wapi, akaelekezwa Bodi ya Bima ya Amana, ambako kiwango cha juu cha fidia wakati huo kilikuwa shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alibaki kungoja ufilisi.

Ng'ambo ya ziwa hili hili kuna mfano mwingine, na huu ni wa dhahabu. Machi 2022 Marekani ilimwekea vikwazo mfanyabiashara wa Kibelgiji Alain Goetz pamoja na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha African Gold Refinery kilichoko Entebbe. Hazina ilidai kiwanda kilikuwa kikipokea dhahabu kutoka maeneo ya mashariki mwa Kongo yanayoshikwa na makundi yenye silaha, na ikasema zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu ya Kongo hutoroshwa kwenda nchi za jirani, zikiwemo Uganda na Rwanda. Miaka mitatu baadaye, Machi 2025, Umoja wa Ulaya nao ukakiweka kiwanda cha Gasabo cha Kigali kwenye orodha yake.

Mwanza tuna kiwanda chetu cha kusafisha madini, kilichozinduliwa 2021, ambacho STAMICO, shirika la madini la serikali, ni mbia. Hakijaguswa na lolote kati ya haya. Lakini mchimbaji mdogo wa Geita anayeshangaa kwa nini siku hizi dhahabu yake inadaiwa karatasi nyingi za kuonyesha ilikotoka anaonja upepo wa vikwazo vilivyowekwa Entebbe. Kiwanda chochote cha ukanda huu kinachotaka kuuza kwa wanunuzi wakubwa lazima kithibitishe kwamba dhahabu ya Kongo haikupenya. Ni gharama, na mara nyingi gharama hushuka hadi kwa mwenye sururu.

Si kila mzigo unaokataliwa ni vikwazo, na hapa Mwanza ndipo watu wangepaswa kulijua hilo kuliko wote. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja: kwa hofu ya bakteria, kwa mlipuko wa kipindupindu, kisha kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vya minofu vilisimama na vibarua wakarudi nyumbani. Maumivu yalikuwa yaleyale ambayo vikwazo vingeleta, lakini masharti ya kutoka yalikuwa tofauti: boresheni mialo, jengeni maabara, kagueni samaki. Hakuna aliyetaka serikali ibadili katiba au iachie wafungwa. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi. Tazama unachotakiwa kufanya ili mlango ufunguliwe. Kama ni cha kisiasa, hivyo ni vikwazo hata vikiitwa jina jingine.

Kwa kipimo hicho, kuzuia misaada nako kumo. Machi 2016 shirika la Marekani la MCC lilisitisha mpango wa umeme wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 470 kwa Tanzania, likitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Na kisa cha mitumba kimo pia. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya hapa vipumue. Wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi hizi kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vingi vilivyokuwa vikishona nguo za soko hilo, ilikuwa ya kwanza kurudi nyuma. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru. Haikuumia sana, kwa kuwa haikuwa ikiuza nguo nyingi kule. Marobota yanaendelea kufunguliwa kila siku katika soko letu la Mlango Mmoja, na wanaochagua pale wengi hawajui kwamba shati lile liliwahi kuwa hoja ya kidiplomasia.

Nataka kukaa kidogo kwenye kahawa ya Amin, kwa sababu ni kisa kilichotokea ufukweni mwa ziwa letu na kinaonyesha vikwazo vikifanya kazi na vikishindwa kwa wakati mmoja.

Katikati ya miaka ya 1970 uchumi wa Uganda ulikuwa umebomoka, Waasia wamefukuzwa, viwanda vimekufa. Kilichobaki ni kahawa, na karibu fedha zote za kigeni zilitoka humo. Bahati ya Amin, baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia ikapaa. Fedha hizo hazikumrudia mkulima wa Masaka. Ziliishia kwa utawala, na ndege zilitoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zikiwa zimesheheni wiski na vitu vya anasa vya kuwatuliza wanajeshi. Mnunuzi mkubwa wa kahawa hiyo alikuwa Marekani, iliyochukua karibu theluthi moja. Baadhi ya wabunge wake, wakiongozwa na Donald Pease wa Ohio, wakauliza kwa nini Mmarekani agharimie mauaji kila anapokunywa kikombe chake cha asubuhi. Serikali ya Carter haikulipenda wazo hilo. Bunge likalipitisha, na Oktoba 1978 kahawa ya Uganda ikapigwa marufuku Marekani.

Sasa tazama njia. Mkulima wa Uganda tayari alikuwa na mlango wa nyuma: magendo. Mitumbwi ilikuwa ikivusha kahawa usiku kwenda upande wa Kenya, ambako bei ilikuwa nzuri na pesa ni pesa, kiasi kwamba Amin alimpa Mwingereza Bob Astles kikosi cha kupambana na magendo ziwani. Mkulima kwa hiyo hakutegemea sana soko la Amin. Aliyelitegemea ni Amin. Marufuku ile ililenga, labda kwa bahati kuliko kwa akili, mfuko wa mtawala na kuuruka wa raia. Ni nadra sana.

Lakini mwisho wa Oktoba huohuo majeshi yake yalivamia Kagera. Wapo wanaosema ukata ndio uliomsukuma, kwamba alihitaji vita ili jeshi lenye njaa lipate la kufanya. Mimi sioni ushahidi wa kutosha wa kuyafunga mambo hayo mawili pamoja, maana jeshi lake lilikuwa limeanza kugawanyika kwa sababu zake lenyewe. Kilichomtoa Kampala, 11 Aprili 1979, ni majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Vikwazo vilikuwa vimemkausha, havikumwangusha. Mwanza nayo ilipata sehemu yake ya vita hiyo: ndege ya Libya iliyokuja kuulipua mji ilikosa shabaha, mabomu yakaua wanyama wa kisiwa cha Saanane.

Sisi wenyewe tumewahi kushika fimbo hiyo, jambo ambalo huwa tunalisahau tunapowalaumu wakubwa. Desemba 1965, baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Uingereza kukataa kutumia nguvu, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na London. Uingereza ikauzuia mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya lazima kwa Rhodesia, vya kwanza vya aina hiyo katika historia yake. Smith aliendelea hadi 1979, maana mafuta yalimfikia kupitia Afrika Kusini na, hadi Wareno walipoondoka, Msumbiji. Aliyeumia mapema zaidi ni Zambia, ambayo reli yake ilipita Rhodesia. Bomba la mafuta la TAZAMA la 1968 na reli ya TAZARA iliyokamilika 1975 ni watoto wa mgogoro huo: nchi ilijengewa njia nyingine kwa kuwa ile ya zamani ilishikwa na adui.

Burundi ni kisa kigumu zaidi kukieleza bila kuumia. Julai 1996 Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi. Siku chache baadaye wakuu wa nchi za ukanda walikutana Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, wakaamua kuifungia Burundi. Masharti yalieleweka: rudisha Bunge, ruhusu vyama, zungumza na pande zote bila kubagua. Na njia zilikuwa mikononi mwao kwelikweli, kwa sababu Burundi haina bahari na mzigo wake hupita kwa majirani, sehemu yake kubwa ikipita Dar es Salaam na Kigoma. Kwa karatasi hakuna vikwazo vilivyokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kufaulu.

Sehemu vilifaulu. Septemba mwaka huohuo Buyoya aliruhusu Bunge na vyama, na Juni 1998 mazungumzo ya Arusha yalianza yakiwa na pande nyingi mezani. Lakini mafuta ya magari yaliendelea kuingia kwa magendo, na wenye vibali, wenye sare na wenye jamaa ngome za juu ndio walioyauza kwa bei ya kuruka. Watu waliokusudiwa kubanwa walitajirika. Mkulima wa mkoa wa Ngozi alikosa mbolea, zahanati zikapungukiwa, na mashirika ya misaada yakatumia muda mwingi kuomba vibali. Aprili 1997 wakuu walilegeza kamba kwa chakula na vifaa vya shule, na Januari 1999 wakasimamisha vikwazo vyote. Mkataba ulitiwa saini Agosti 2000 chini ya Mandela, Nyerere akiwa amefariki Oktoba iliyotangulia. Kama amani ile ililetwa na vikwazo au na uchovu wa vita, Warundi wenyewe hawajakubaliana.

Kosa kama hilo, kwa kipimo kikubwa mno, lilifanyika Irak kuanzia Agosti 1990, pale nchi nzima ilipofungiwa na raia wakabeba mzigo wa Saddam. Tangu hapo serikali nyingi zimehamia kwenye orodha za majina, mtu mmojammoja, kama ile ya Kabarebe. Ni bora, lakini orodha nayo hukwepeka. Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli 36 za mafuta za Iran zilikuwa zimepewa bendera ya Tanzania kupitia wakala wa usajili wa Zanzibar aliyekuwa Dubai. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia Rais Kikwete barua ya kutisha, na serikali ikazifuta. Kwa miezi kadhaa bendera yetu ilikuwa imepanda kwenye meli ambazo mabaharia wake pengine hawakujua hata rangi zake zina maana gani.

Na mara nyingine njia hufungwa na mtu ambaye hakuagizwa. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, Marekani na Ulaya zilisema mara kwa mara kwamba chakula na mbolea haviguswi. Kisheria ilikuwa kweli. Ila mbolea husafiri kwa meli, meli inahitaji bima, muuzaji anahitaji benki, na wenye bima na benki walikumbuka yaliyoipata BNP Paribas. Wengi walijitoa tu. Tukichanganya na vita yenyewe, pamoja na bei ambazo zilikwishaanza kupanda 2021, mkulima wa mpunga wa Magu alifika dukani akakuta mfuko haushikiki. Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni 2022, na ya mbolea kuanzia msimu uliofuata. Kwa maoni yangu hiyo ni bili ya vikwazo vya watu wengine, angalau kwa sehemu.

Kuhusu kama vikwazo hufanya kazi, watafiti waliochambua visa karibu 200 tangu 1914 walikuta mafanikio, makubwa au ya nusu, katika karibu theluthi moja. Mwingine akavipitia upya baadhi ya visa hivyo akasema havifiki asilimia 5. Tofauti iko kwenye unachohesabu kama ushindi. Wanachokubaliana wengi ni kwamba dai dogo hupatikana upesi kuliko dai la kumtoa mtu Ikulu. Cuba imefungiwa na Marekani tangu 1962.

Dai dogo tuliliona Aprili 2025. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, baada ya Afrika Kusini kukataa ndizi zetu kwa miaka na Malawi kuzuia mazao yetu mwezi mmoja kabla. Ndani ya siku chache Afrika Kusini ilifungua mlango kwa ndizi, Malawi ikakubali kuzungumza, na marufuku ikaondolewa. Malawi haina bahari, na sehemu kubwa ya mzigo wake hushuka Dar es Salaam.

Ukijaribu hivyo kwa Uganda hutafika mbali. Kampala ina Mombasa, na Tanzania inajenga reli ya kisasa ya Isaka–Mwanza na kuiboresha bandari ya Mwanza Kusini ili kuwavuta wafanyabiashara wa Uganda waache kupita huko. Kwa Kenya ndiyo kabisa, kila upande unashika kitu cha mwenzake. Machi 2021 Nairobi ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti. Mei Rais Samia akaenda kuzungumza na Kenyatta. Januari 2024, Kenya ilipoinyima Air Tanzania kibali cha mizigo, Tanzania ikatangaza kwamba ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam zitasimama kuanzia tarehe 22. Mawaziri wa mambo ya nje wakapigiana simu, na tarehe hiyo ilipofika ndege zilikuwa zikiruka kama kawaida.